ZIWA LISILO NA UFUKO WA KUDUMU
Kwa nini maziwa ya nyika kavu hupanuka na kunywea

Watu wengi huamini ya kuwa ziwa ni kitu kilichotulia. Mto hupita na bahari hupwa na kujaa, lakini ziwa, kama wadhaniavyo, hukaa pale lilipowekwa tangu awali. Imani hiyo haipatani hata kidogo na hali ya Ziwa Chad, lililoko katika nyika za Saheli, mahali zinapokutana nchi nne za Chad, Kamerun, Niger na Nigeria.

Katika mwaka wa 1963 ziwa hilo lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 25,000, yaani karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda. Miaka ishirini baadaye maji yake ya wazi hayakufika hata sehemu moja ya kumi ya eneo hilo. Mji wa N'guigmi nchini Niger, ambao ulikuwa kando ya maji, ukajikuta katikati ya mchanga, na ziwa liko makumi ya kilomita mbali. Mitumbwi ilibaki nchi kavu, na vijiji vizima vya wavuvi vikafunga mizigo na kuyafuata maji yalikokwenda.

Wakati huohuo katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki yametokea mambo ya kinyume. Tangu mwaka wa 2010 maziwa ya Naivasha, Nakuru, Bogoria na Baringo nchini Kenya yamefura, yakameza mashamba, barabara, shule na zahanati. Huku watu walikimbia ukavu, kule wakakimbia maji. Hata hivyo sheria inayotawala maziwa hayo yote ni moja, nayo si ngumu kuielewa.

MAPATO NA MATUMIZI

Kila ziwa lina hesabu yake, kama vile nyumba ilivyo na bajeti. Mapato yake ni maji ya mito, mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na chemchemi zitokazo ardhini. Matumizi yake ni maji yanayotoka kwa mto, yanayonyonywa na ardhi, yanayochotwa na watu, na yale ambayo jua na upepo huyageuza kuwa mvuke.

Ziwa kama Viktoria lina mlango wa kutokea. Maji yakizidi, Mto Naili huyapokea na kuyapeleka kaskazini. Lakini maziwa mengi ya nyika kavu hayana mlango huo. Mito huingia, wala hakuna mto utokao kwenda baharini. Kwa ziwa la namna hiyo, mtumiaji mkubwa wa maji ni jua.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Jua hutoza kodi yake kwa kadiri ya upana wa maji. Ziwa likiwa pana, maji mengi huruka kuwa mvuke. Likiwa dogo, hupotea machache. Kwa hiyo ziwa lisilo na mlango hupanuka mpaka maji yanayopotea yalingane na yanayoingia, kisha husimama. Mito ikipungua, nalo hunywea mpaka hesabu ilingane tena. Kubadilika kwake si ugonjwa. Ndiyo njia yake ya kusawazisha hesabu.

Mfano wa tarakimu utalidhihirisha jambo hili. Katika Ziwa Chad jua huondoa zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka, na mvua inyeshayo juu ya ziwa hurudisha sehemu ndogo tu. Ikikadiriwa kwamba hasara inayobaki ni kama mita 2, basi kila kilomita moja ya mraba hupoteza mita za ujazo milioni 2 kwa mwaka. Mito ikileta mita za ujazo bilioni 40, ziwa linaweza kukaa na eneo la kilomita za mraba 20,000. Mito ikileta nusu yake, eneo nalo halina budi kurudi nusu. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini haiko mbali na yale yaliyotokea.

SINIA NA MTUNGI

Jambo la pili ni umbo la ziwa. Mama wa nyumbani anaweza kulithibitisha uani mwake. Achukue kibaba kimoja cha maji akimwage katika sinia pana, na kibaba kingine akitie katika mtungi wenye mdomo mwembamba, kisha aviache vyote viwili juani tangu asubuhi. Jioni atakuta sinia limekauka au limebakiwa na maji machache, hali mtungi haukupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Maziwa ya Tanganyika na Nyasa ni mitungi. Kina chao ni cha mamia ya mita, na kingo zake ni za miteremko mikali. Maji yakishuka mita moja, ufuko husogea hatua chache tu. Ziwa Chad ni sinia. Hata katika miaka yake ya neema, wastani wa kina chake ulikuwa mita chache tu, na sakafu yake ni tambarare. Maji yakishuka mita moja, maelfu ya kilomita za mraba huwa nchi kavu. Ndiyo sababu upungufu ambao katika ziwa lenye kina ungeonekana kama alama tu juu ya jiwe, huku huhamisha watu kwa maelfu.

MAJI YATOKAYO MBALI

Mtu akisimama ufukoni mwa Ziwa Chad mwezi wa Agosti, mvua ikimnyeshea, angetarajia kuliona ziwa limejaa. La hasha. Ziwa hufikia kimo chake cha juu mwezi wa Desemba au Januari, wakati ambapo nyika yote ya jirani ni kavu na upepo wa jangwa unavuma. Sababu ni kwamba zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji ya mito huletwa na Mto Chari pamoja na Logone, mito inayokutana katika mji wa N'Djamena. Maji hayo huanza safari katika nyanda za juu za Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kamerun, yakatambaa miezi kadhaa katika mabonde mapana kabla ya kufika.

Basi hatima ya ziwa huamuliwa na mvua inyeshayo mamia ya kilomita kusini. Katika miaka ya 1950 na 1960 mvua hizo zilikuwa nyingi, na mito ikaleta kwa wastani mita za ujazo zipatazo bilioni 40 kwa mwaka. Mwisho wa miaka ya 1960 ukame mkubwa ukaikumba Saheli yote. Ukazidi katika miaka ya 1972 na 1973, ukarudi kwa ukali mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wastani wa maji ya mito ukaanguka kufikia karibu nusu, na mwaka wa 1984 hata robo ya kiasi kile cha zamani haikufika.

Wakati ule wafugaji ndio waliobebeshwa lawama. Ilisemwa ya kuwa mifugo yao imemaliza majani, ardhi ikabaki uchi, na kwa sababu hiyo mvua ikakimbia. Utafiti wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa baharini. Joto la maji ya bahari kuu lilipobadilika, ukanda wa mvua ambao hupanda kutoka Ghuba ya Guinea kila mwaka haukufika kaskazini kama desturi. Uharibifu wa majani uliiongeza shida, lakini haukuwa mama yake.

KIZINGITI CHA MATETE

Ziwa Chad lina tabia nyingine ya pekee. Sakafu yake ina mwinuko unaolikata katikati, nao huitwa Kizuizi Kikuu. Maji yakiwa mengi, mwinuko huo hufunikwa na ziwa huwa moja. Yakipungua, hutokeza kama kizingiti cha mlango, na ziwa hugawanyika vyumba viwili, cha kusini na cha kaskazini. Jambo hilo lilitokea baada ya ukame wa mwaka wa 1973.

Kwa kuwa Mto Chari huingia kusini, chumba cha kusini ndicho hushiba kwanza. Chumba cha kaskazini hupata tu yale yanayofurika juu ya kizingiti. Zaidi ya hayo, matete, mafunjo na vichaka viliota juu ya mwinuko ulioachwa wazi, vikayapunguzia maji mwendo. Hivyo hata mvua ziliporudi kuwa nzuri, maji hayakuweza kupita upesi kama zamani. Kaskazini pamekuwa pakijaa mwaka mmoja na kukauka mwaka mwingine.

Msomaji anaweza kuuliza: kama maji hayatoki, na jua huacha chumvi nyuma, mbona Ziwa Chad si la chumvi? Jibu liko chini ya ardhi. Sehemu ndogo ya maji hupenya katika mchanga wa kingo na kuchukua chumvi pamoja nayo. Naivasha na Baringo nayo yana maji baridi kwa sababu kama hiyo. Mahali ambapo maji hayapati njia ya kupenya, kama katika mabonde madogo yaliyo kati ya vilima vya mchanga kando ya Ziwa Chad, magadi hugandamana, na watu huyachimba na kuyauza tangu zama za kale.

MKONO WA BINADAMU

Je, binadamu hana hatia? Anayo, lakini haina budi kupimwa kwa haki. Nchini Nigeria, bwawa la Tiga lilikamilika mwaka wa 1974 kwa ajili ya maji na kilimo cha eneo la Kano, na mengine yakafuata. Mabwawa hayo yamewanyima maji wakulima na wavuvi wa bonde la Komadugu Yobe lililo chini yake. Lakini mto huo, tangu zamani, ulileta sehemu ndogo tu ya maji ya ziwa. Kwa upande wa Chari na Logone, wataalamu wamebishana sana juu ya fungu linalochukuliwa na umwagiliaji; wapo waliolitaja kuwa kubwa, na wapo waliolitaja kuwa dogo kando ya upungufu wa mvua.

Lililo hakika ni kwamba mpango mkubwa wa umwagiliaji ulioanzishwa kusini-magharibi mwa ziwa, upande wa Nigeria, katika miaka ya 1970 ulikumbwa na msiba wa aina yake. Mifereji ilichimbwa na pampu zikawekwa kwa kutegemea ufuko wa miaka ya neema. Ziwa likasogea, na mfereji wa kuingizia maji ukabaki ukitazama mchanga. Mashine hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ziwa litakaa.

Na hapa pana jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Husemwa ya kuwa Ziwa Chad limepoteza sehemu tisa katika kumi na kwamba linaendelea kutoweka. Kipimo hicho hulinganisha mwaka wa 1963, ambao ulikuwa wa maji mengi kupita kawaida, na ukame wa miaka ya 1980. Tangu miaka ya 1990 mito imeongezeka tena kwa kiasi, na chumba cha kusini kimekuwa na maji bila kukauka. Mwaka wa 2022 mito ya Chari na Logone ilifurika hata ikaingia katika mitaa ya N'Djamena na kuwafukuza maelfu ya watu majumbani mwao. Ziwa halikufa. Linakwenda na kurudi, na miaka elfu sita iliyopita lilikuwa bahari ya ndani yenye zaidi ya kilomita za mraba 300,000.

JIKONI NA SHAMBANI

Wenyeji wamejifunza kuishi na ziwa linalotembea. Maji yanaporudi nyuma huacha udongo wenye unyevu na rutuba, na mara moja wanaume na wanawake hupanda mahindi, mtama na kunde bila kungoja mvua. Mvuvi wa msimu mmoja huwa mkulima wa msimu wa pili, na baada ya mavuno mfugaji huleta ng'ombe wake kula mabua. Shamba moja hulisha watu wa kazi tatu kwa zamu. Wanawake wa Kikanembu huvuna mwani wa rangi ya kijani katika vidimbwi vya magadi, wakauchuja, wakauanika juu ya mchanga uwe mikate mikavu iitwayo dihé, kisha wakaupika kwa mchuzi. Chakula hicho kina nguvu nyingi za kujenga mwili, na husaidia nyumba ambazo nyama huonekana kwa nadra.

Watu wa visiwani, Wabuduma, hufuga ng'ombe wa aina ya kuri, wenye pembe nene kama maboya, ambao huogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa kutafuta malisho. Vyombo vyao vya zamani vilifumwa kwa mafunjo. Mafundi wao ndio walioitwa mwaka wa 1969 kuijenga mashua ya Ra, ambayo Thor Heyerdahl wa Norway alijaribu kuvukia nayo Bahari ya Atlantiki.

MPAKA ULIOACHWA NA MAJI

Lakini ziwa likihama, mpaka wa nchi hauhami. Hapo ndipo jambo la mvua linapogeuka kuwa jambo la askari.

Wavuvi wa Nigeria walipoyafuata maji kuelekea mashariki, walijenga vijiji juu ya sakafu iliyokauka. Baadhi yake, kama Darak, vilikuwa ndani ya ardhi ya Kamerun. Serikali ya Nigeria ikawafuata watu wake kwa shule, zahanati na polisi. Katika miezi ya Aprili na Mei 1983 majeshi ya Nigeria na ya Chad yalipigana kwa ajili ya visiwa vilivyojitokeza ziwani, na pande zote mbili zikapoteza watu. Tume ya Bonde la Ziwa Chad, iliyoundwa na nchi nne mwaka wa 1964, ikapewa kazi ya kupima na kuweka alama za mpaka. Hata hivyo shauri la Nigeria na Kamerun lilifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ambayo tarehe 10 Oktoba 2002 iliamua kwamba mpaka ni ule uliowekwa na wakoloni, maji yawepo yasiwepo. Mwezi wa Desemba 2003 Nigeria iliondoa utawala na askari wake katika vijiji hivyo kwa amani.

Amani hiyo haikudumu. Mamia ya visiwa vidogo, matete marefu na njia za maji zinazobadilika kila msimu zimekuwa maficho ya wapiganaji wa Boko Haram na matawi yake. Askari wa huko hana njia ya kudumu ya kupita: pale alipopita kwa gari mwezi wa Juni, mwezi wa Desemba hupita kwa mashua. Mwezi wa Machi 2020 zaidi ya askari 90 wa Chad waliuawa kwa siku moja katika rasi ya Boma. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba iliyokuwa ikimngoja.

MAZIWA YALIYOFURA

Katika Bonde la Ufa hesabu ni ileile, ila sasa mapato yamezidi matumizi. Ziwa Naivasha lilikuwa limeshuka sana mwaka wa 2009, kwa ukame na kwa kuchotwa maji ya mashamba. Tangu mwaka uliofuata mvua nyingi zikalijaza, na mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 2019 zikaongeza. Ziwa Nakuru, lililokuwa na kilomita za mraba zipatazo 40, likapita 60. Maji ya mvua yakaizimua chumvi yake, na heroe wengi wakahamia kwingine kutafuta chakula. Baringo na Bogoria yalipanuka hata ikahofiwa kwamba yataungana, na viboko na mamba wakasogea hadi karibu na milango ya watu.

Mvua hizo hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi. Sehemu yake ya magharibi ikipata joto kuliko kawaida, kama ilivyokuwa mwaka wa 1961, wa 1997 na wa 2019, Afrika Mashariki hunyeshewa kupita kiasi. Ukataji wa misitu katika miteremko nao huharakisha maji na kushusha udongo unaopandisha sakafu ya ziwa.

Kilichoongeza hasara ni makazi. Katika miaka ya ukame ufuko ulionekana wazi na wa kupendeza, udongo wake mzuri, na watu wakajenga juu yake wakidhani ni ardhi isiyo na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa safarini.

Anayetaka kujenga au kulima kando ya ziwa la namna hii, au kupiga kambi ya kudumu hapo, hana haja ya vyombo vya gharama ili kujua maji yaliwahi kufika wapi. Achimbe kidogo atazame kama kuna makombe ya konokono wa ziwani ndani ya udongo. Atafute mstari mweupe juu ya majabali. Aitazame miti mizee iko umbali gani kutoka majini. Na zaidi ya yote, awaulize wazee maji yalifika wapi katika mvua za mwaka wa 1961 na miaka iliyofuata. Alama hizo zikiwa juu ya mahali alipochagua, basi anajenga ndani ya ziwa, hata kama leo vumbi linatimka.